Kamba ya Roshani

Hausabai hupanda ghorofa nne kwa miguu,
maana lifti, walisema kikaoni, si ya ndoo za taka.
Hugonga mara mbili. Hasemi neno.
Nami kwa miaka sita nilimpa ndoo yangu
kama mtu anayelipa faini dirishani,
jicho pembeni.

Siku ile mvua ya Pune ilikuwa imefunga ua,
akachambua taka papo hapo, mlangoni petu:
maganda ya vitunguu huku, chupa kule,
kisha kikafika kifurushi changu cha gazeti.
Nilikuwa nimekifunga vizuri. Kwa uzi.
Akakifungua.
Gazeti huuzwa kwa kilo, alisema, gazeti lina bei.
Kilichobaki akakishika kwa vidole vitupu,
damu yangu ya juzi,
akakitia kwenye mfuko wa visivyouzika.

Nilitaka sakafu inimeze.
Sakafu haikuwa na njaa.

"Zinakwenda wapi?" Swali langu la kwanza kwake
tangu tujuane.
Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya mto Mutha,
na nyuma ya mto, jaa.
"Ziko palepale. Hata za mama yako ziko palepale.
Embe linaoza, kadi ya harusi inaoza, panya anaoza.
Hizi zinanenepa kwa mvua, basi."

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
pedi kumi na mbili, mara miezi kumi na miwili,
mara miaka kumi na tisa tangu nivunje ungo:
elfu mbili mia saba thelathini na sita.
Mimi peke yangu.
Jengo letu lina milango thelathini na miwili.

Nikanunua vitambaa vya pamba, vyenye vifungo,
na kikombe cha silikoni, laini kama ndewe ya sikio.
Kikombe kilinishinda Jumatatu.
Kikanishinda Jumanne, nimechuchumaa bafuni
nikimlaani aliyekibuni na ukoo wake.
Jumatano kikakaa,
nikasahau kuwa ninacho hadi saa za chai.

Mama alipoviona vitambaa, akakaa kitako.
"Mimi nimetoka huko, Mrunal.
Nilifua kabla jogoo hajawika,
nikaanika nyuma ya pipa la mtama, gizani,
nikavivaa vibichi, nikawashwa, nikakosa shule.
Mshahara wangu wa kwanza wa kupiga taipu
nilinunua pakiti moja. Muuza dawa akaifunga
kwa karatasi nyeusi kama bastola.
Niliibeba nyumbani nikitembea kama bibi harusi.
Leo unanirudishia matambara?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina lote.
Nilichukua vibanio, nikatoka roshani,
nikavianika juani, sambamba na mashati ya Baba.
Mama akatoka mbio kuvifunika kwa taulo.
Nikaliondoa taulo. Akalirudisha.
Tukashinda hivyo, kama watoto na swichi ya taa.
Saa kumi nikakuta taulo limekunjwa kitini,
na kitambaa kimoja, kilichokuwa kimejikunja pembeni,
mtu amekinyoosha.
Sikuuliza nani.

Mwezi wa pili Hausabai akaipima ndoo mkononi.
"Nyepesi," akasema. Akanitazama tumbo.
"Huendi tena mwezini? Tuseme hongera?"
Nikamvuta mkono hadi roshani, nikamwonyesha kamba.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Haya ndiyo mageni? Mimi navaa kitambaa tangu usichana.
Sijawahi kuwa na pesa ya kutupa."

Kisha akajifunga vizuri pindo la sari,
akateremka ghorofa ya tatu,
akagonga mara mbili.
Nikasikia mlango ukifunguka kidogo,
ndoo ikisukumwa nje kwa mguu,
na mlango ukifungwa.