Safu ya Sababu

Bosi Mwaijande aliitaka ile ya hamsini na sita.
Imeandikwa hivyo kwenye boksi, kwa rangi ya dhahabu,
na boksi limetoka Dubai likafika Uhindini
bado linanuka plastiki mpya.
"Mteja anataka kasi," akasema,
akaliweka mezani taratibu, kama anatoa mahari.

Nilinyamaza kwanza. Mimi ni mtu wa simu.
Miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye ubao wa posta
nikichomeka Tukuyu kwa Chunya, Kyela kwa Vwawa,
masikio yakiota sugu ya visikizio,
mpaka kwa mkwaruzo tu ningekwambia
nguzo ipi imelala baada ya Kiwira
na mvua imefika wapi.

Nikamwambia: hamsini na sita inataka laini ya dijitali
itoke kule kwenye jengo la simu, na kule hawana.
Tulicho nacho ni shaba. Nyuzi mbili za shaba,
zimeungwa kwa mpira wa baiskeli kila baada ya dhoruba.
"Tulinagwe," akasema, "wewe unapenda tu vya zamani."

Basi tukajaribu. Machi, mvua imeshuka mpaka magotini pa Loleza.
Ambakisye, mhasibu wa chai kule Tukuyu,
akawasha kompyuta yake, akapiga.

Ya dhahabu ilipokea.
Ikapiga yowe, ikataja kasi yake palepale mlangoni,
kama mgeni anayeingia uani akianza na shida zake.
Laini ikakohoa mara moja.
Ikakata.
Tulipiga mara sita. Mara sita.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, mtumba
wa mradi wa maji uliofungwa; ziko nane stoo.
Kitufe kimeng'oka. Thelathini na tatu nukta sita,
kwa herufi ndogo, kama inaona haya.
Nikaweka sikio.

Unajua tunavyosalimiana huku.
Ugonile, na ndaga, na watoto, na ng'ombe, na migomba,
na yule aliyekuwa anaumwa mguu,
na kabla hayajaisha hayo
hakuna anayetaja kilichomleta.

Ilisalimia hivyo.
Iliuliza thelathini na tatu; Tukuyu ikajibu mkwaruzo.
Haikukasirika. Ikauliza ishirini na nane.
Mvua.
Ikauliza ishirini na nne,
sauti ikishuka kama mtu anayechutama amsikie mtoto,
halafu kimya, kile ninachokijua,
cha watu wawili waliokwisha kusikizana.
Taa nyekundu ikabaki inawaka.

Dakika arobaini. Ambakisye akatuma hesabu zote za majani mabichi
na barua ndefu kwa mdogo wake aliyeko Sofia.

Bosi akaitazama taa, akatazama saa,
akatoka kwenye mvua bila mwavuli.
Alirudi na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja,
lile lisiloungua.

Jioni akaleta fomu ya benki.
Modemu: nane. Bei. Muuzaji.
Mwishoni, safu ya sababu za kuchagua.
Alizungusha kalamu weee, kisha akanisogezea.
Nikaandika: *Inajua kusalimia.*

Benki waliirudisha baada ya wiki mbili,
wamepiga mstari chini ya maneno yangu,
wanaomba ufafanuzi.
Nikaongeza: *hata mvua ikinyesha.*