Chumba cha Nne

Mwaka huu chumba cha nne sikikandiki.
Nimemwambia Asumini, nimemwambia fundi Mkwinda
aliyekuja na kamba begani kabla sijamwita,
nikakiambia na chenyewe, nimesimama mlangoni:
baki salama.

Nilihesabu. Usiku mmoja umeme umekatika
nikachukua daftari la korosho, ukurasa wa nyuma.
Kuchimba udongo, siku tatu.
Maji, na hapa Kitangari maji hayachimbwi,
yananunuliwa, au yanafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani:
ndoo ishirini na mbili kwa ukuta mmoja.
Kukanyaga. Kukandika. Kungoja kukauke,
kisha kuziba nyufa za kule kukauka.
Nyasi za paa siku nne, na mgongo siku tano.
Mchwa sikuwahesabu, wale hawana likizo.
Nikajumlisha: siku arobaini na moja kwa mwaka
nauguza kuta, wagonjwa wasiopona wala kufa.

Na siku hizo zinatoka mahali.
Zinatoka kwenye palizi, zinatoka kwenye usingizi.
Mwaka juzi zilitoka kwenye salfa:
mimi niko juu ya paa, ubwiri unga uko juu ya maua,
nikavuna magunia mawili pale ninapovuna matano.

Binti Nampunje akaja kunikumbusha:
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nikamwambia, mwenzangu, nimeziba.
Miaka ishirini na sita nimeziba,
viganja vyangu si hivyo hapo juu ya dirisha,
na vile vidogo pembeni vya Likanga, akiwa na miaka sita?
Methali haikusema
aliyechoka kuziba, na kujenga hataki,
afanyeje.
Akacheka. Akaomba chumvi, akaondoka.

Likanga mwenyewe alipiga simu kutoka Masasi.
"Mama, sasa tukija tutalala wapi?"
Mkija.
Sikulitamka. Nilisema: sebuleni, mkeka upo.
Akanyamaza, nikasikia bodaboda zinapita upande wake.

Mkwinda nikampa kazi ya siku mbili, basi:
ezua cha nne,
boriti nzima zihamishie cha pili,
mlango wa kati uzibe kwa tofali.
Aligonga taratibu, kama nyumba ina mtoto amelala.
Juu ya kizingiti akakuta kijiko,
kile kile nilichomsingizia wifi yangu
tukanuniana hadi Idi mbili zikapita.
Akakifuta kwa shati, akanipa, hakuuliza.

Mvua ya Desemba iliponyesha
nilikaa sebuleni nikaisikiliza ikikishukia.
Nilijua kila mlio:
hilo ni bonge la upande wa mashariki,
hizo ni fito.
Mara moja nilinyanyuka kutafuta ndoo ya kukinga.
Nikaishika. Nikairudisha.

Siku arobaini na moja, usiniulize zote zimekwenda wapi.
Nane nililala.
Mbili nilikwenda Newala kumwangalia dada,
nikakaa hadi akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo.
Shamba limepata zake, na mikorosho imeonyesha.
Nyingine zilipita tu, nimekaa kizingitini
mikono juu ya magoti, haijui iwekwe wapi.

Sasa ni Februari. Pale pana tuta jekundu
na mboga maboga zimeota zenyewe,
wala sikuzipanda. Tunakula majani yake.
Kiganja cha Likanga kilianguka vipande viwili.
Kimoja nilikiwahi kabla ya mvua,
kiko juu ya kabati, kinapukutika kidogo kidogo,
na kila asubuhi napangusa unga wake.
Nimeandika daftarini, ukurasa ule ule:
dakika moja.