Mpaka Jumamosi

Gari la Bi Akelo huja na harufu ya maua
na mluzi.
Maua ni ya Limuru, hupakiwa gizani,
hushushwa Mtaa wa Muindi Mbingu kabla jua halijawa kali.
Mluzi ni wa injini, mwembamba,
kama wa mtu mwenye mwanya.
Likisimama, linapanda pumzi, linashuka, linapanda,
kama aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu.

Nikachukua kopo la dawa ya kabureta,
nikapuliza kidogo kidogo kando ya manifoldi:
bomba la kwanza, kimya,
la pili, kimya,
kwenye kona ya la tatu injini ikashtuka,
ikapaza sauti kama aliyeguswa kidonda.
Hapo.

"Ina nini?" Alikuwa amekalia ndoo ya rangi.
Nikamwambia inavuta hewa isiyopimwa.
"Nairobi nzima," akasema,
"nani anavuta iliyopimwa?"

Nikashuka Grogan kwa miguu.
Gathirwa akaniteremshia tatu kutoka darini:
moja imepinda,
moja ina ufa mfupi kuliko wetu
("Huu si ufa, dada, huu ni mstari"),
ya tatu nzima, ya gari lililogongwa nyuma huko Japani.
Alianzia elfu tano. Tukakutana elfu tatu
na gasketi mpya juu,
na matusi mawili ya kirafiki.

Bolti tatu, nati mbili.
Nati ya mwisho iko mahali
ambapo mkono unaona na jicho halioni.
Manifoldi ikatoka nyeusi, imelowa jasho la mafuta.
Nikaigeuzia mwanga.
Ufa, urefu wa njiti ya kiberiti,
na juu ya ufa araldaiti ya zamani,
manjano kama ukucha wa mvuta sigara,
na ndani ya araldaiti, dole gumba.
Mistari yote imekauka humo,
na kovu la msumeno limeikata mshazari.

Kovu hilo nalijua.
Lilinishika kifundo cha mkono nikiwa na miaka kumi na tisa:
usikaze kwa hasira, binti,
bolti haijakukosea kitu.
Fundi Onserio. Tulimzika Nyamache,
huu mwaka wa tatu.

"Aliniambia itanifikisha Jumamosi tu," akasema Bi Akelo.
Jumamosi gani?
Akahesabu kwa vidole vyenye alama za miiba.
Kitinda mimba wake alikuwa darasa la pili.
Sasa ana ndevu.

Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Onserio aliziba.
Ukuta ameniachia mimi,
pamoja na spana zake, pungufu namba kumi.

Niko katika mawazo hayo, nati ikamponyoka Mwendwa,
ikagonga chuma mara mbili,
ikaingia tundu la tatu,
lile pekee nililokuwa bado nalitafutia kitambaa.
Hakuna aliyesema neno.
Hata mchomeleaji wa jirani alizima moto wake akatutazama.
Nusu saa: spoku ya baiskeli,
nchani sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya simu,
na mimi nimelala kifudifudi juu ya injini
nikipapasa gizani kama mkunga.
Ilikuwa imelala juu ya vali, salama, kama yai.
Mwendwa aliipokea kwa mikono miwili.

Kisha gasketi. Kisha kukaza,
kuanzia katikati kwenda nje, robo kwa robo.
Bila hasira.

Akawasha.
Injini ikakaa chini, ikatulia,
sauti moja, ndefu, isiyo na swali.
Bi Akelo akatega sikio, akakunja uso.
"Sasa nitajuaje kama inanguruma?"
Akaondoka polepole, dirisha wazi,
bado anasikiliza.

Jioni akapita mwenye mkokoteni wa vyuma na plastiki,
akainua ile manifoldi kuukuu, akaipima kwa mkono.
"Hii unaitupa?"
Nikaichukua, nikaipangusa mafuta.
Nikamwambia apite Jumamosi.