Daftari la Madeni

Bando la shilingi ishirini, saa moja tu,
na dakika kumi zimeishia kwa kiduara kinachozunguka.
Hapa Lurambi mvua ya saa kumi haikosi kazini:
imepanda mabati, mtandao umejikunyata.

Ukurasa unafunguka. Unauliza kwa upole, kama karani mgeni:
Ni wazo gani limekusumbua leo?

Naandika: Mimi ni mjinga.
Nafuta. Naandika: Nimepata thelathini na nane katika takwimu.
Nafuta hiyo pia, narudisha ile ya kwanza.
Ndiyo iliyonifuata kutoka ubao wa matokeo,
ikavuka lango, ikampita mchoma mahindi,
ikajua mlango wangu bila kuuliza mtu.

Ushahidi gani unaliunga mkono?
Hapo sina shida.
Siku ile nilisoma kwa sauti, darasa likacheka.
Ng'ombe aliyeuzwa Malava kwa karo ya muhula wa pili.
Ekesa, tulianza naye, sasa ndiye anayewaelekeza wenzake.
Kidole kinakimbia; hata mvua siisikii.

Ushahidi gani unalipinga?

Kiduara kinazunguka,
au ni mimi.

Namkumbuka mama dukani, na daftari lake la madeni,
kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari.
Mtu akilipa, hata shilingi kumi za chumvi,
mama hupiga mstari kwa rula, mwenyewe akiona.
"Deni lililolipwa lisipofutwa," husema, "huo ni wizi."

Na mimi miaka mitatu naandika tu.
Sijajifutia hata la kiberiti.

Basi naandika, polepole, kama anayekiri kosa:
Hesabu za mwaka wa kwanza nilipita. Mara ya pili, lakini nilipita.
Muhonja alipofeli nilikaa naye mpaka jogoo,
nikampikia uji,
wala sikumwambia yeye ni mjinga.

Nalisoma hilo tena.
Wala sikumwambia.

Skrini inaganda. Bando limekwisha,
na nilichoandika hakikuhifadhiwa.

Haya. Kitabu cha mazoezi kipo, kurasa za nyuma ni tupu.
Thelathini na nane naiandika kama ilivyo;
hilo ni deni, nitalilipa Agosti.
Lile lingine nalitazama sana:
halina tarehe, halina bidhaa,
halina jina la anayenidai.

Nachukua rula.