Vinginevyo

Modemu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye nondo ya dirisha la stoo ya dawa, hapa Koboko,
mahali pekee ambapo mnara hutupa vijiti viwili vya mtandao,
vitatu mvua ikikatika.
Kompyuta ni ile waliyotuachia watu wa mradi.
Kitufe cha Q kimeng'oka. Nashukuru Kiswahili hakikihitaji.

Usiku wa kwanza niliibishia hodi:
AT.
Kimya. Nikabadili kasi, nikabadili waya.
AT.
OK, ikasema,
nami nikaitikia kwa sauti, peke yangu kati ya maboksi,
kama mgeni aliyeambiwa karibu ndani.

Kutuma kulinishinda siku nne.
Namba naandika, maneno naandika, nayo inangoja,
inangoja tu, kidoa kikiwaka na kuzima,
mpaka nikagundua kuna herufi isiyoonekana,
ya ishirini na sita katika hesabu yake,
ambayo ndiyo kusema: nimemaliza, nenda.
Maneno mangapi nimebaki nayo mdomoni
kwa kukosa herufi hiyo.

Kisha nikaifundisha kusikiliza.
Kila sekunde kumi, amka, chungulia kadi.
Kama neno ni DAWA, fungua daftari la Sista Candiru,
hesabu vidonge vya malaria vilivyobaki, jibu.
Kama neno ni CHANJO, taja siku.
Vinginevyo: "Samahani, sijaelewa. Andika DAWA au CHANJO."
Basi. Mistari sabini na mmoja,
ili anayetoka Lobule asitembee nusu siku
kuja kutazama rafu tupu.

Wakaandika.
Dawa. DAWA. Ndawa. dawa ipo?
Nikajifunza kukata nafasi, kukuza herufi,
kusamehe tahajia kwanza, kisha kujibu.

Mwezi wa pili, Jumanne, pakawa kimya.
Jumatano vilevile. Nikasema watu wamepona.
Sista alinitazama tu, akaendelea kuhesabu sindano.
Ijumaa nikaifungua kadi:
thelathini kati ya thelathini.
Nilikuwa nimeifundisha kusoma,
sikuifundisha kufuta.
Kikapu kilijaa, na zilizofuata
zikasimama huko mnarani, foleni, mvuani.

Nikafuta. Zikaingia kwa vishindo,
taa ya modemu kijani, kijani, kijani,
dawa, dawa, dawa ya juzi, dawa ya jana,
na mashine ikijibu kila moja kwa adabu:
vipo vidonge mia mbili na kumi.
Vilikuwepo siku zote tatu.
Ezaruku wa Ludara aliuliza Jumanne jioni.
Akauliza usiku. Akauliza alfajiri.
Halafu hii, ya Alhamisi:
"Mtoto amepoa. Msijisumbue."

Kabla sijafika kwenye kiti, jibu lilikwisha kwenda.
Samahani, sijaelewa.
Andika DAWA au CHANJO.

Amepoa.
Homa hupoa. Uji hupoa.
Labda aliacha herufi moja, n,
kidole kimechoka, simu ya vitufe vilivyofutika;
mimi niliyesamehe Ndawa siku nzima
nashindwa kuiongeza hiyo n mwenyewe.
Nikapiga. Simu imezimwa.
Nikapiga tena, kama kwamba kuzimwa ni kosa la tahajia.

Sista hakuuliza kitu. Alivaa koti la mvua,
akachukua pikipiki ya chanjo na vidonge mfukoni,
nikaisikia ikikohoa mpaka ng'ambo ya soko.

Nimebaki na mashine.
Nimeongeza mstari wa kufuta.
Nimeufungua wa sitini na nne,
nikafuta samahani, nikafuta sijaelewa,
na mahali pake nimeunganisha king'ora cha redio iliyokufa.
Sasa unasomeka hivi:
vinginevyo, usijibu chochote,
niamshe.

Mkeka nimeutandika chini ya dirisha.
Saa nane na robo. Vijiti viwili.
Pikipiki haijarudi.