Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Siku ya malipo ya kahawa, programu yangu
ilianguka saa nne asubuhi.
Ofisi yetu ni chumba kimoja Kiborloni, juu ya duka la mbolea;
foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi barabarani.

Nikaitafuta ilipokwama. Aisaria Mlay, Uru.
Magunia: mawili. Kilo:
Siku ile mzani ulikufa, karani hakuandika kitu,
na mimi nilikuwa nimeandika msimbo wa mtu
anayeingia nyumba za watu bila kubisha.
Nikanyoosha mkono kuchukua kilo. Ndani hamkuwa na kilo.
Mkono ukashika hewa, nyumba nzima ikaja chini.

"Weka sifuri," akasema Kirenga, "watu wana njaa."
Nikaweka sifuri.
Programu ikainuka kama mlevi aliyemwagiwa maji.
Simu mia nne zikalia.

Saa nane akafika, mabuti yana udongo mwekundu,
simu ameielekeza usoni kwangu:
Umepokea shilingi 0.
"Nani kasema sikuleta?"

Hakupaza sauti. Ndiyo maana namsikia mpaka leo.

Sifuri ni jibu. Mtu amepima, akakuta patupu.
Pale hapakuwa na jibu; palikuwa na swali
nililolivisha shati la jibu.
Na nilifundishwa, darasa la nne, Mwalimu Ndekirwa
akigonga chaki ubaoni:
hapana, ni pale unaponyooshea kidole;
hakuna, ni huko kote;
hamna, ni ndani ya chungu.
Alifuta ubao kabla ya kufika kwenye bado.

Usiku ule nikaandika upya.
Kila kilo sasa imo kisandukuni,
na kisanduku huenda kina kitu, huenda hamna,
na mashine hainiachi nikifungue
kabla sijapiga hodi, nikangoja,
nikaeleza nitafanya nini nisipojibiwa.
Mara thelathini na saba ilinikatalia.
Milango thelathini na saba niliyokuwa nikiipita kifua mbele.

Jumatatu magunia yakapimwa: kilo themanini na tatu na nusu.
Nikajaza fomu mpya mbele yake.
Jina. Kijiji. Simu.
Mrithi?

Akatazama dirishani, upande wa mlima.
Mlima haukuonekana siku hiyo,
na Moshi nzima hakuna aliyesema umeondoka.
"Ndetaramo," akasema. "Alikwenda Mererani, machimboni.
Mwaka wa sita huu. Namba yake haiiti."

"Niandike hayupo?"
"Usiandike hayupo."
"Basi niache wazi."
"Ukiacha wazi watasema sikuzaa."

Kidole kikasimama juu ya kibonye.
Chini, muuza mbolea alikuwa akifunga mlango wa chuma.
Nikarudi nyuma ya fomu, ndani ya msimbo,
nikaongeza neno moja kwenye majibu yanayokubalika,
herufi nne,
nikaliweka kando ya jina la mwanawe,
nikamgeuzia kioo alisome mwenyewe.