Usimle Askari wa Katikati

Stesheni ya Gyumri, Januari, saa mbili usiku.
Bomba la joto linakohoa tu, halipashi.
Vardges, fundi saa, ametandika ubao juu ya sanduku lake la vyuma:
kete za mbao, farasi mmoja mweusi hana sikio,
na pembeni sarafu ya dramu mia
imelala kama haina haja na mtu.

Treni yangu ya Yerevan imechelewa, nami na gunia langu la soksi za sufu.
"Mchezo mmoja tu. Nakupa nyeupe."
Anayekupa nyeupe hujamwomba, mtazame mikono.

Kumi na moja ameshanila, kwa mtego uleule.

Askari wangu wa mfalme hatua mbili, wake vilevile,
paji kwa paji.
Farasi wangu anamnyemelea yule askari,
farasi wake anakuja kumlinda.
Askofu wangu anakata mshazari,
jicho kwenye nyumba dhaifu ubavuni mwa mfalme mweusi.
Hadi hapa, watoto wa darasa la pili mjini humu wanajua.

Kisha asiye na sikio anaruka katikati,
anamwacha askari yatima.
Vardges anajishika kichwa: "Vai, vai, nimefanya nini!"
Ameikosa kazi yake; angeigiza.

Mara ya kwanza nilimla. Nani asingemla?
Malkia wake akatoka, jicho moja kwa farasi wangu,
jingine kwa askari aliye mlangoni pa ngome yangu.
Nikala tena,
nikamshika malkia na ngome yake kwa mkupuo,
nikaanza kuitumia ile sarafu kichwani.
Malkia hakukimbia. Akala mlangoni.
Ngome yangu ikajivuta kando.
Akala katikati: shaha!
Askofu akarudi mbio kumkinga mfalme,
na asiye na sikio akaruka mara ya mwisho.

Mfalme wangu alikosa hewa kati ya watu wake,
malkia huku, ngome kule,
askofu mbele, hathubutu kubanduka,
askari wawili wamejaa milangoni.
Nyumba nzima ndugu, na hana pa kuweka mguu.

Mara kumi zilizofuata? Usiniulize. Mkono una njaa yake.

Leo nimeukalia.
Kweli, nimeuweka chini ya paja, kwenye benchi baridi,
mpaka ulipokufa ganzi na kusahau askari wa bure.
Ndipo kwa mkono wa kushoto
nikamla farasi mwenyewe, yule kiziwi.
Akanila kwa askari.
Nikamfungia mfalme wangu ngomeni.
Basi. Hakuna fataki.
Kwake askari mmoja amepotelea mbele,
waliobaki bado wamelala.

Vardges akaacha kulia.
Akavua lenzi yake pajini, akaifuta, akaivaa.
Huku hakuna aliyewahi kumfikisha.
Alitafuta njia kama mimi, kidole hewani,
dakika nane kwa hatua moja.

Siranush wa tiketi aliita mara mbili.
Taa za behewa zilipita dirishani, moja, moja, moja.

Nilishindwa saa sita kasoro,
askari mmoja tu pungufu, wafalme wote wawili wamechoka.
Akaichukua sarafu, haya hana,
akaanza kuzirudisha kete sandukuni
polepole, ya farasi mwisho.
"Kesho," akasema bila kunitazama,
"nyeupe nitashika mimi."